Vyungu vya Sumu Juu ya Ndiva

Isome yote kabla hujaituma, maana watu wa siku hizi mnatuma kwanza kisha ndiyo mnauliza ilisemaje.

Palikuwa na falme mbili milimani, zikitazamana, na kati yao bwawa moja la maji, ndiva kama wenyewe walivyoliita. Watu wa pande zote mbili walikunywa humo na kumwagilia mahindi yao humo.

Wafalme wao hawakuaminiana hata kidogo. Mmoja akaficha chungu cha sumu kwenye kibanda juu ya ndiva, akapeleka salamu ng'ambo: "Mkitugusa, namwaga." Wa ng'ambo naye akaficha cha kwake. Wa kwanza akaongeza, wa pili akaongeza, ingawa chungu kimoja kilitosha kuwamaliza wote. Raia waliambiwa tu kwamba wanalindwa, basi wakalala usingizi wao.

Mlinzi wa vyungu vya upande huu aliitwa Mbonea. Amri aliyopewa ilikuwa fupi. Baragumu la ng'ambo likilia siku isiyo ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, ujue ni vita. Mwaga, usiulize.

Asubuhi moja ya ukungu, siku isiyo ya msaragambo, baragumu likalia. Likalia tena. Zikafuata kelele na vishindo vya watu wakikimbilia ndiva.

Mbonea alifunua chungu. Ng'ambo ndiko alikoolewa binti yake Nakijwa, aliyejifungua juzijuzi, na uji wake wa uzazi ulipikwa kwa maji hayohayo. Nyumbani kwake mwenyewe walipikia hayohayo.

Akajiuliza: "Kama wameshamwaga yao, mimi nikimwaga yangu nitamwokoa nani?"

Akafunika chungu, akakalia kifuniko kwa hofu, asijue kama amewaokoa watu wake au amewauza.

Ukungu ulipopanda, akawaona watu wa ng'ambo wana majembe na magogo ya migomba. Ukingo wa ndiva ulikuwa umebomoka, wakaitana kwa baragumu kuuziba. Hakuna aliyekumbuka kuwaarifu majirani.

Mbonea akakimbia kwa mfalme, akiamini vyungu vitaondolewa siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo baragumu lilipolia, hukumwaga?" mfalme akauliza.

"Sikumwaga, Mtukufu. Tungekufa sote."

"Basi hufai. Kesho naweka mtu asiyefikiri."

Mbonea alitoka pale. Mferejini akawakuta wanawake wanateka maji, akawaeleza kila kitu.

"Vimekuwapo tangu lini?" akauliza Namkunda, jirani yake.

"Tangu hujaolewa."

"Na miaka yote hiyo mnatuambia tunalindwa." Namkunda akamwaga mtungi wake. "Hiyo kesho ya mfalme tusiisubiri. Twendeni."

Kila waliyekutana naye njiani aliambiwa, naye akageuza kuwafuata. Langoni kwa mfalme walinzi wakauliza wanataka nini. Walipojibiwa, wakaweka mikuki chini, kwani nao walikunywa maji ya ndiva. Mfalme alibaki peke yake na amri zake.

Vyungu vya upande huu vikafukiwa jioni ile, mbali na maji. Vya ng'ambo bado vipo, na watu wa ng'ambo bado wanaambiwa wanalindwa. Mbonea hakungoja kula. Alishika njia ya kwa Nakijwa kuwaambia nao, akiomba baragumu la upande huu lisilie, mlinzi wa ng'ambo akadhani ni vita, kabla hajafika.

Funzo: Silaha itakayomuua adui pamoja na mwenye nayo haimlindi mtu yeyote, na watakaokufa kwayo wana haki ya kuambiwa leo, si siku mlinzi atakapokosea.