Figa la Mwandoe

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Wewe, acha kumchokoza mwenzako. Hii si hadithi ya kuchekea.

Hapo kale aliishi msichana Mkawasi, pamoja na mama yake na kaka yake Mwandoe. Juu ya kijiji chao palikuwa na mlima wenye mgongo mwembamba wa mawe matupu. Kileleni lilikaa zimwi, likilinda mti wa dawa.

Zimwi hilo halikuwa na moto wala jiko, na njaa yake ilikuwa moshi wa nyumba za watu. Basi desturi ikawa hivi: mwenye shida hupanda peke yake, mchana, amejitwika figa moja la jikoni kwao. Zimwi hulamba moshi wa figa, kisha humtimizia haja moja. Anayeleta jiwe lisilo na moshi, au figa lililotuliwa njiani, humezwa.

Siku moja mama akaugua, hata maji hayapiti kooni. Mwandoe akajitwika figa la kwanza, akaenda. Hakurudi.

Kesho yake Mkawasi akajitwika la pili. Jiko likabaki na moja.

Akapanda. Mawe yakamchana nyayo. Katikati ya njia, chini ya kichaka, akaliona figa jeusi. La Mwandoe! Basi akajua kaka yake alilitua hapo kwa uvivu, akaokota jiwe lolote kule juu. Mkawasi akalia, huku anapanda.

Zimwi likaita, "Mkawasi, jiwe zito hilo. Tua!"

"Situi. La mama."

Upepo ukamsukuma ukingoni. "Mkawasi, shingo inakuuma. Tua!"

"Situi. La mama."

Akaanguka, magoti yakatoka damu, figa kalikumbatia. "Mkawasi, utakufa. Tua!"

"Situi! La mama!"

Kileleni zimwi likalilamba figa hadi likawa jeupe, likamrudishia. "Hapa pamepikwa maharage," likasema taratibu, kama mtu aliyefiwa. "Haja yako?"

"Nipe dawa ya mama, na unirudishie kaka."

"Figa moja, haja moja."

Tumboni mwa zimwi Mwandoe alikuwa akigonga, na Mkawasi alimsikia. Uchungu ulioje, jamani! Akasema, "Nipe dawa."

Mama akanywa, akapona. Akatazama jikoni. "Mwandoe yuko wapi?"

Mkawasi akamweleza yote. Mama hakumgombeza. Aliinama tu, akaling'oa figa la tatu, la mwisho lenye moshi.

"Mama, nyumba itabaki bila moshi!"

"Moshi nitauwasha tena, mwanangu. Mwandoe nitamzaa wapi?"

Basi mama akapanda peke yake. Hatua na kupumua, hatua na kupumua, bila kutua. Zimwi likalamba, likalamba, likalamba. Kisha likamtapika Mwandoe, mzima, lakini nywele zote mvi.

Wakashuka, mama mbele na figa lake kichwani. Walipofika kwenye kichaka, Mwandoe akasimama. Hakuna aliyemwambia neno. Akainama, akalitwaa figa lake, akajitwika.

Hakulitua mpaka jikoni. Mafiga yakawa matatu tena, na Mwandoe mwenyewe akapiga magoti kupuliza moto.

Hadithi yangu naitua hapo, mbele ya moto wao. Nanyi, mzigo mliotwikwa kwa ajili ya watu wenu, msiutue njiani.