Pimbi, Fisi na Kitufe cha Nakubali

Mliokaa, mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Haya, yategeni.

Hapo kale, kama juzi hivi, Bi Pimbi alikuwa na kibanda cha sambusa. Mdogo wa umbo, lakini kwa maneno hana mpinzani. Oda zake zote zilikaa kwenye programu aliyoandikiwa na Fundi Fisi, mwenye tumbo lisilojua kushiba.

Pimbi akisema, "Fundi, niongezee kitufe cha sambusa za kuku," Fisi hujibu, "Kazi nzito hiyo. Lete sambusa ishirini." Pimbi akisema, "Fundi, nirekebishie jina la mteja," Fisi hujibu, "Kazi nzito hiyo. Lete sambusa arobaini." Nyam, nyam, nyam! Wateja wakakosa, Pimbi akakonda.

"Naiacha programu yako," akasema siku moja.

"Iache, bibie. Orodha ya wateja inabaki kwangu."

Roho ikamuuma Pimbi. Bila orodha ile, kibanda kimekufa. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akafungua simu. Akakuta jukwaa la vipande vilivyo tayari, la sisi tusiojua kuandika programu: unaburuta kipande, unakidondosha, pu! Buruta, pu! Buruta, pu! Chai haijapoa, fomu ya oda iko tayari.

Fisi akaja mbio, anacheka, kwi kwi kwi! "Hii nayo programu, au mchezo wa watoto?"

"Ndiyo maana nataka fundi aijaribu. Agiza upendacho, bure."

Fisi akaandika: sambusa mia tatu. Yakatokea maandishi marefu, na chini yake kitufe: NAKUBALI. Fisi na kusoma wapi na wapi? Akabonyeza. Tii!

Kifaru, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akasoma kwa sauti: "Narudisha orodha ya wateja leo hii. Sambusa zangu nitapewa moja moja, kila Idi."

"Sikuyaona hayo!"

"Umeyakubali," akasema Kifaru, akisogeza pembe.

Fisi akaitazama pembe. Akarudisha orodha yote, mpaka na jina la shangazi yake. Hadi leo yuko pale kibandani, anauliza mwezi umeandama au bado.

Ngano yangu imeishia hapo, makombo nimeyala mwenyewe.

Na funzo, wanangu: ukiona NAKUBALI, bonyeza upesi, usisome. Mkianza kusoma nyote, sisi wenye fomu tutakula wapi?