Simu Iliyomwambia Bi Saumu Mambo Vipi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini wala wafalme, ni ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaanza kuongea na watu, palikuwa na marafiki watatu mjini Tanga. Mmoja Mwatumu, wa pili Hamduni, wa tatu Kibwana. Kazi yao wote ilikuwa kutengeneza programu za simu.

Mwatumu alikerwa na simu zinazoamkia watu hovyo. Akaandika msimbo, yale maagizo yanayoiendesha programu, unaojua kuamkia. Ukiuambia mtu ana umri gani, wenyewe unachagua: mkubwa shikamoo, wa rika mambo vipi, mtoto hujambo. Usipouambia umri, unanyamaza. "Kama hujui unaongea na nani," alisema Mwatumu, "funga mdomo."

Hamduni akaona kitu kizuri namna hii kisikae kwenye kompyuta moja. Akaufunga ule msimbo kifurushi, pamoja na maelezo ya matumizi, akakiita Maamkizi, akakiweka mtandaoni ili mtengenezaji yeyote akichukue na kukipachika kwenye programu yake. Lakini kile kimya kilimsumbua. Kwao Hamduni, mtu akikupita bila salamu mmegombana. Basi akaongeza kimstari: umri usipotajwa, mtu ahesabiwe wa rika. Akaliandika hilo kwenye maelezo, mwishoni kabisa, chini ya shukrani. Akampelekea Mwatumu akague. Mwatumu alikuwa anasonga ugali, akajibu, "Pitisha."

Kibwana naye alikuwa amepeleka posa kwa Nasra, binti wa Bi Saumu. Bi Saumu ni mwenyekiti wa chama cha kina mama wanaosaidiana harusini na misibani. Kibwana akataka kujipendekeza kwa mama mkwe mtarajiwa, na nani asingetaka? Akakitengenezea chama programu ya kupangiana zamu za kupika, inayosema kwa sauti, kwa ajili ya wale ambao macho yamechoka. Akachukua Maamkizi, akakipachika humo. Mahali pa umri akapaacha wazi. Amwulize Bi Saumu miaka yake? Thubutu. Akaijaribu kwenye simu yake mwenyewe. Simu ikasema, "Mambo vipi, Kibwana." Akatabasamu, akaona kazi imekwisha.

Siku ya kuizindua, kina mama wamejaa ukumbini, Bi Saumu kavaa kanga mpya. Akabonyeza. Simu ikasema kwa sauti ya kijana wa kijiweni, "Mambo vipi, Saumu."

Kina mama wakageukiana. Kisha mmoja nyuma akacheka, kama mnavyocheka nyinyi sasa. Bi Saumu hakucheka. Ilimuuma, wala hakuficha, hata Kibwana alipojitetea kwamba salamu ile imepita mikononi mwa watu watatu.

"Nimezika mume, nimeozesha watoto watatu, wajukuu wananiamkia kabla hawajanawa uso," alisema. "Leo nipewe mambo vipi na kidude hiki, mbele ya wenzangu? Aliyenivunjia heshima aje mwenyewe, peke yake, aniamkie hapahapa Jumapili. Mkiniletea wa kusukumwa nitamjua. Na hapo posa ya Kibwana itarudi ilikotoka."

Jioni Nasra akampigia Kibwana. "Mama hatanii," alimwambia. "Na mimi nakutaka wewe. Usije ukaniharibia."

Jumapili ikafika. Watatu wakakutana nje ya ukumbi, na hapo ndipo ulipoanza ubishi.

Mwatumu akasema, "Mimi msimbo wangu ulinyamaza. Kimya hakijamtukana mtu. Hamduni ndiye aliyeufundisha kuropoka."

Hamduni akasema, "Nilikuletea ukague, ukasema pitisha. Tena ningeweka nini? Shikamoo kwa kila mtu? Wasichana wangeniuliza kwani wamezeeka. Nikaandika kwenye maelezo, Kibwana hakusoma."

Kibwana akasema, "Nilisoma mpaka ikafanya kazi. Nani husoma zaidi ya hapo? Wewe husoma?"

"Hata mimi sisomi," Hamduni akakiri.

"Umri niliuacha kwa heshima," Kibwana akaendelea. "Kumwuliza mama mkwe miaka yake ni kutafuta kufukuzwa kabla ya chai. Na wewe Mwatumu, nani alikwambia shikamoo ni ya miaka tu? Mama mkwe angekuwa rika langu, ningemwamkia vilevile. Kwenye msimbo wako mama mkwe yuko wapi?"

Mwatumu akatoa simu, akaupitia msimbo. Hakuwa amemweka.

"Sasa tunabishana nini?" Hamduni akasema. "Mke ni wako, nenda wewe."

"Nikienda na kosa si langu, atanijua," Kibwana akajibu. "Nikienda na kosa ni langu, nani atamwoza binti yake kwa mtu aliyemwambia mambo vipi?"

Mlango ukafunguliwa. Kina mama wameketi, Bi Saumu mbele, Nasra kasimama nyuma ya kiti cha mama yake, macho yote kwa Kibwana.

"Haya," akasema Bi Saumu. "Aingie mmoja."

Pale mlangoni wamesimama watatu, na mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Nyinyi mnaotikisa vichwa, sukumeni mmoja ndani, lakini mkumbuke Nasra anatazama. Je, nani aliyestahili kuingia na kusema shikamoo?