Kimya cha Chemchemi

Katika bonde moja la Newala, chini ya mteremko mkali, palikuwa na chemchemi iliyofunikwa na miti minene kiasi kwamba hata jua la adhuhuri lilibisha hodi kabla ya kuingia. Somoe, ambaye wanakijiji walimwita Mama Jafari, aliteka maji hapo tangu usichana wake.

Kwa mwaka mzima sasa, kila alipofika alfajiri alimkuta Mwalimu Kulwa. Msukuma huyo aliyehamishiwa shule ya kijiji alikaa juu ya jiwe, daftari mapajani, ametulia kama maji ya mtungini. Masika aliandika vyura na mbayuwayu. Mvua zilipokatika, aliandika kwale na hua walioshuka kunywa. Kijijini watu walinong'ona. Mtu mzima ahesabu ndege wa nini? Wapo waliosema anahesabu roho za watu. Somoe hakuapa kwamba ni kweli, ila hakumruhusu mjukuu wake kusogelea jiwe lile.

Mwezi wa saba, siku ya kuwatoa vijana jandoni, Somoe aliwaongoza wanawake kumi na wawili kwenda kuteka maji ya kupikia. Katikati ya mteremko alisimama ghafla. Alitega sikio. Hapakulia ndege wala mdudu. Ndoo tupu zilipogongana, mlio wa kugongana huko ulirudi kutoka bondeni kama ya mtu mwingine.

Kulwa alikuwa amesimama katikati ya njia, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama Jafari."

"Marahaba. Tupishe, Mwalimu."

"Msiteke maji leo, mama. Nakuomba."

"Ameyafunga maji kwa uchawi!" alifoka mwanamke mmoja nyuma. "Si niliwaambia?"

"Jana asubuhi walishuka hua thelathini," Kulwa alimwambia Somoe. "Leo hajashuka hata mmoja. Nikaenda kuwatafuta. Njoo uone, mama."

Somoe alitaka kumsukuma, lakini kimya kile kilimlemea. Akamfuata, wenzake wakabaki njiani. Maji yalikuwa maangavu kama kioo, yakimwonyesha uso wake mwenyewe. Kulwa akafunua kichaka cha nyuma. Hua walilala chini mabawa wazi, wengi, kama majani yaliyopukutika kwa siku moja. Chini ya mizizi, vyura walikuwa wamegeuza matumbo meupe juu. Somoe alishika mdomo. Ndoo kumi na mbili, masufuria ya kijiji kizima, vijana waliotoka porini na njaa yao!

Walipanda hatua chache kufuata harufu kali. Palipochimbuka maji, mfuko wa dawa ya kupulizia mikorosho ulikuwa umekwama kwenye mawe yaliyotapakaa masalia ya dawa iliyooshwa kutoka kwenye bomba, umefungwa kwa kipande cha kanga ya bluu. Somoe alikitambua kipande hicho. Alikirarua mwenyewe juzi, akampa mwanawe Jafari alipokwenda kupulizia mikorosho.

Kulwa alimtazama. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Mfuko ungeweza kuzikwa, na lawama ingemwangukia mgeni, ambaye tayari alikwisha kuhukumiwa. Damu ni nzito kuliko maji. Somoe aligeuka kuwatazama wenzake waliosubiri njiani.

Kisha aliushika mfuko kwa jani, akateremka nao.

"Rudini na ndoo zenu," aliwaambia wenzake. "Maji yana sumu. Mwanangu Jafari ndiye aliyeosha bomba la dawa hapa. Mwalimu ametuokoa."

Jafari alipoitwa mbele ya wazee aliinamisha kichwa. Alidhani maji yangeichukua dawa yote. Njia ya chemchemi ilizibwa kwa miiba, na maji ya sherehe yakatafutwa kwa baiskeli vijiji vya mbali. Chakula kiliiva jua likizama.

Sahani ya kwanza Somoe aliipeleka kwa Kulwa, mikono miwili, goti chini. Yule aliyefoka bondeni akauliza kwa nini mtu wa kuja atangulizwe mbele ya wenye kijiji.

"Kwa sababu wenye kijiji tuko hai," alijibu Somoe. "Wakubwa hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone."