Nta ya Mama Mkwe

Sogeeni karibu, na anayetaka kupiga miayo akapigie nje, maana habari hii haielezwi mara mbili. Nawasikia vijana wa siku hizi mkilalamika kwamba mvua imewazuia kwenda mawindoni. Mvua imewazuia nini? Imewalowesha nguo tu. Kulikuwa na wakati ambapo mvua ilizuia kweli, na watu wa mlima huu walilala na njaa huku pinde zao zikining'inia juu ya meko, kavu na hazina kazi.

Wakati huo upote, ile kamba ya upinde, ulikuwa kano la mgongo wa kongoni, limesokotwa basi, halikupakwa kitu. Wakati wa kiangazi, kano hilo lilikuwa kali na mshale ulikwenda hata usiuone. Lakini likipata maji liliregea na kurefuka, likawa kama kamba ya kufungia kuku. Ukivuta, linavutika tu. Ukiachia, mshale unaanguka hapo hapo miguuni pako na unabaki kuutazama.

Nguruwe mwitu walilijua jambo hilo kuliko wawindaji wenyewe. Kiangazi walijificha bondeni na hukuwaona hata unyayo. Wingu la kwanza la masika likitanda, walipanda mlimani mchana kweupe, baba, mama na watoto, wakaingia mashambani wakala wakashiba. Kiongozi wao alikuwa dume moja zee lenye chonge la kushoto lililovunjika. Watu walimwita Mwenyeji, kwa sababu alitembea katika mashamba yao kama vile yeye ndiye aliyelima.

Ndipo akaja Semgaya. Semgaya alitoka ng'ambo ya mto, na kiangazi hapakuwa na mtu wa kulenga kama yeye. Alimpenda binti wa huku aitwaye Nambago, akampenda vibaya sana, hata alikuwa akivuka mto ule wenye mamba ili amsikie tu akicheka. Desturi ya mlima huu ilikuwa kwamba kijana akioa, haondoki na mke. Anahamia kwa wakwe, anakabidhiwa shamba la mama mkwe, na analilinda mpaka mavuno yaingie ghalani. Mavuno yakiingia, mke ni wake. Yakiliwa, anabeba upinde wake na kurudi kwao peke yake, na hakuna wa kumsindikiza.

Mama wa Nambago aliitwa Namtunda, mjane, mwembamba, mwenye ulimi. Na kwa kuwa ilikuwa mwiko mkwe na mama mkwe kutazamana au kusemezana, wawili hao walizungumza kupitia kinu. Msicheke. Kinu cha kutwangia kilisimama katikati ya ua, na kila mmoja alikiambia maneno yake huku amegeukia kando. "Kinu," Namtunda angesema, "mwambie mkwe wangu uji uko tayari." Na Semgaya, akitazama paa, angejibu, "Kinu, mwambie mama nashukuru." Mambo yakaenda hivyo kiangazi chote, na kwa kweli yalikwenda vizuri.

Masika yakaingia. Katika siku tisa Mwenyeji na jamaa zake wakamaliza shamba la jirani wa juu, kisha la jirani wa chini. Siku ya kumi wakaingia katika mtama wa Namtunda. Semgaya alikuwa hapo, amechuchumaa kwenye matope, maji yanamtiririka mgongoni. Mwenyeji alikuwa hatua ishirini tu. Semgaya akavuta, akaachia, na mshale ukaanguka kando ya kidole gumba cha mguu wake. Yule nguruwe aliinua kichwa, akamwangalia mtu yule kwa muda, kisha akainama akaendelea kula. Semgaya aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Aliporudi nyumbani akiwa amelowa, Namtunda alikuwa anapepeta. Hakugeuka. "Kinu, mwambie mkwe wangu kwamba nguruwe ameshiba. Amesema asante."

Semgaya akaufungua upote kwenye upinde, akauanika mekoni. Kwao ng'ambo ya mto wazee walikuwa na dawa yao: kupaka upote mafuta ya nyama ili maji yasishike. Basi jioni ile akaupaka mafuta mpaka ukanenepa, akautundika mahali pake na kulala ametulia. Asubuhi alikuta panya wamekula karamu. Kilichobaki kilikuwa kipande kisichotosha hata kufungia mdomo wa mfuko. Siku ile nguruwe walikula nusu ya shamba bila ya kubughudhiwa na mtu.

Namtunda alikwenda mwenyewe kulitazama shamba. Aliporudi, sauti yake haikuwa na kejeli tena. "Kinu, mwambie mkwe wangu nusu iliyobaki ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima. Kesho ikiliwa, avuke mto. Binti yangu atabaki hapa. Siwezi kumpa mtu ambaye atamfisha njaa."

Ndani ya nyumba Nambago alisikia, akaweka chini mwiko wa ugali. Hakula. Semgaya naye hakula. Walikaa wamegusana mabega. Semgaya alikuwa amebakiwa na upote mmoja mpya, na alijua kwamba kesho yake utalowa kama ule wa kwanza. Aliogopa. Aliogopa kumpoteza yule mwanamke.

Akatoka akakaa chini ya upenu. Mvua ilikuwa inanyesha bado, na pale mbele yake, chini ya mchirizi wa paa, kilikuwa kimewekwa kibuyu cha Namtunda cha kukingia maji. Kibuyu hicho kilikuwa kikuukuu, kina ufa kuanzia shingoni mpaka tumboni. Semgaya alikiangalia bila ya kufikiri chochote, kama mtu mwenye mawazo anavyoangalia kitu. Kisha akashtuka. Kibuyu kilijaa pomoni na ule ufa haukutoa hata tone. Juu yake palikuwa na mstari wa kitu cha manjano, na matone ya mvua yaliyoanguka juu ya mstari ule yalikuwa yakiviringika na kudondoka, hayakuingia.

Akainuka mbio mpaka kwenye kinu. "Kinu, muulize mama, ufa wa kibuyu chake ameuziba na nini?"

Sauti ya Namtunda ikajibu kutoka ndani: "Kinu, mwambie mkwe wangu mambo ya vibuyu ni ya wanawake."

"Kinu, mwambie mama ninamwomba."

Namtunda akasogea mlangoni. "Kinu, mwambie ni nta. Ile ambayo wanaume mkishatafuna asali mnaitema chini ya mzinga. Sisi tunaiokota."

Semgaya alikaa chini kwenye matope. Fikirini, jamani. Tangu babu wa babu, wawindaji wa mlima huu walikuwa wakipanda kwenye mizinga, wanakula asali, wanatema nta, halafu wanarudi nyumbani kulia kwamba mvua imeharibu pinde zao. Dawa yao walikuwa wakiikanyaga kila mwaka, na wake zao wakiinama kuiokota nyuma yao.

Namtunda akatoka uani amegeukia kando. Akanyosha mkono, akaweka juu ya kinu donge la nta, kubwa kama ngumi ya mtoto.

Semgaya akalipasha donge kwa viganja mpaka likalainika. Akaupaka upote kuanzia ncha hadi ncha, akausugua kwa jani la mgomba, akapaka tena, akasugua tena, mpaka ukang'aa na vidole vikateleza juu yake. Akapaka na nyuzi zilizofunga manyoya ya mishale. Nambago alimshikia upinde, ingawa mwanamke kushika upinde nako kulikuwa mwiko, na siku ile hakuna aliyekumbuka miiko. Kisha Semgaya akamwaga maji juu ya upote, wakayaona yakiteremka yote mpaka chini. Nambago akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile kilichomvusha Semgaya mto.

Asubuhi mvua ilimwagika kwa kishindo, ile ya masika yenyewe. Semgaya aliingia shambani, akafunika manyoya ya mishale kwa jani la mgomba, akakaa akilowa. Hakusubiri sana. Mwenyeji alitokea mbele, jamaa nyuma. Alimwona yule mtu na upinde wake, na hakujisumbua hata kugeuza sikio. Alijua mvua na pinde hazipatani. Akapita karibu, akaja hatua kumi na tano, akageuka ubavu na kushika bua la kwanza.

Semgaya akavuta. Upote haukuregea. Ulikaza, ukakaza, mpaka ukafika shavuni, naye akaachia, na upote ukalia. Sauti ile haikuwahi kusikika ndani ya mvua tangu mlima uwe mlima, na watu waliokuwa wamejikunyata majumbani waliisikia wakatoka nje. Mshale ulizama nyuma ya bega. Mwenyeji alipiga hatua tatu, akasimama kana kwamba anataka kuuliza jambo, akaanguka. Wengine walikimbilia bondeni, na Semgaya akawapigia mshale wa pili, na wa tatu, na kila mara upote ulilia.

Majirani walimjia wakipiga vigelegele, wakamnyanyua juu na matope yake. Kisha wakamteremsha, kwa sababu Namtunda alikuwa anakuja. Alikuja bila ya kujifunika, mvua ikimpiga, akasimama mbele ya yule nguruwe, akautazama mtama wake uliosimama. Akataka kusema. Akageuka kulia akitafuta kinu, akageuka kushoto. Kinu kilikuwa nyumbani.

Basi akamtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza. "Semgaya, mwanangu," alisema, "umelowa chapachapa. Twende nyumbani ukale."

Na Semgaya akamjibu yeye mwenyewe: "Naam, mama."

Tangu siku hiyo upote wa mlima huu hupakwa nta, na mvua ni ya mwindaji kama jua lilivyo. Tangu siku hiyo nguruwe mwitu, mvua ikianza, huinua pua na kunusa hewa kabla ya kuingiza mguu shambani, maana anatafuta harufu ya nta. Na ndiyo sababu hakuna kijana wa hapa anayetema nta chini. Huirudisha nyumbani kwa mkono wake, na siku anapooa, mama mkwe humpa donge la nta lake yeye, huku amemtazama machoni, na humwita kwa jina. Kinu kimebaki pale uani. Kinatwanga tu.