Mtamba wa Lugwisha na Sindano ya Siku ya Nne

Hapo zamani, lakini si zamani sana kwa sababu sindano zilikuwapo na baiskeli pia, aliishi mkulima wa pamba aitwaye Lugwisha. Alikuwa na mabinti watatu: Milembe, Holo na Nkwimba. Siku moja jembe lilimkata mguuni. Jeraha likaoza, homa ikampanda, akashindwa kusimama. Akasema, "Nina ng'ombe mtamba mmoja mweupe. Atakayenisimamisha tena, ni wake."

Milembe, binti mkubwa, hakungoja. Alimfunga baba yake kwa kanga kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma tangu alfajiri hadi saa nane mchana, mpaka kituo cha afya. Wadogo zake wakafuata kwa miguu.

Nesi Tabu alilitazama jeraha, akasema, "Anahitaji sindano kila siku, kwa siku saba. Dawa hii hupimwa kwa kilo za mwili, na mzani wetu umeharibika. Mzee, una kilo ngapi?"

"Themanini na tano."

"Za lini, baba?" Holo akauliza.

"Za mwaka ule tulipovuna sana. Nilipimwa, watu wakashuhudia."

Nesi akaanza kuandika. Holo akamshika mkono. "Subiri, nesi. Suruali yake siku hizi inafungwa kwa kamba."

Wakampeleka kwenye ghala la pamba la jirani. Lugwisha akatiwa ndani ya gunia, kichwa nje, akatundikwa kwenye ndoana ya mzani.

"Mmeniletea pamba fifi, ile ya daraja la chini," mpimaji akasema. "Kilo hamsini na tatu, na hapo gunia limo."

"Nishushe, mjinga wewe!"

Nesi akapiga hesabu upya, kipimo kikapungua zaidi ya theluthi moja. Akamdunga kwenye msuli wa paja, kisha akawaeleza mabinti: "Dawa inatoka kwenye msuli, inaingia kwenye damu, inafanya kazi yake. Halafu figo zinaitoa kwa mkojo. Kesho tunaongeza nyingine."

Lugwisha akalazwa hapo, na Nkwimba, mdogo wao, ndiye aliyekuwa akimwaga kopo lake la mkojo. Siku ya kwanza lilijaa. Siku ya pili lilifika nusu. Siku ya tatu ulikuwamo kidogo. Siku ya nne ulikuwa funda moja tu, mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Nesi alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye bomba.

"Nesi, usimdunge!"

"Nkwimba!" Milembe akafoka. "Nimevunjika mgongo kumleta adungwe, wewe unakataza?"

"Dada, dawa si inatoka kwa mkojo? Kopo hili hapa. Mbona ya jana haijatoka?"

Nesi alilitazama kopo, akaiweka sindano chini. Akamtundikia dripu. Siku mbili hakumdunga, mpaka mkojo uliporudi vizuri. Kisha akaendelea, sindano moja kila baada ya siku mbili. "Ningemdunga ile," alisema, "ingekutana na ya jana na ya juzi. Ingemharibia figo na masikio, labda ingemuua."

Baada ya wiki mbili Lugwisha alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mabinti wakamfuata hadi zizini.

"Mtamba ni wangu," alisema Milembe. "Bila mimi mngepima maiti na kuchungulia kopo la maiti. Mpaka leo siwezi kuinama."

"Ulimfikisha kwenye dawa, dada, na siku ileile ingemlemea," alisema Holo. "Mimi nilimpa baba kilo zake za kweli."

"Na kilo zako za kweli zilikuwa zinamuua siku ya nne," alisema Nkwimba.

"Wewe unataka ng'ombe kwa kubeba kopo?" Holo akauliza.

"Kubeba tulibeba wote. Mimi nililitazama."

Lugwisha alituma mtu kumuuliza Nesi Tabu. Jibu likarudi: "Kazi yangu ni sindano. Msinitie kwenye ng'ombe zenu."

Basi Lugwisha amesimama mlangoni pa zizi, kamba ya mtamba mkononi, na mabinti watatu wamenyoosha mikono. Yule aliyempeleka kwenye dawa, yule aliyeipunguza, na yule aliyeizuia. Nyinyi mliokaa hapa, kamba hiyo aiachie mkono wa nani?