Kwa Nini Nyani Hamwogopi Mwanamke Shambani

Msinune. Najua mnatumwa kuamia shamba wakati wenzenu wanacheza mpira, na najua dada yenu Mshai amerudi analia kwa sababu nyani walimwona wakaendelea kula kana kwamba yeye ni bua mojawapo. Baba yake alipochomoza tu kwenye kona, wakatimua mbio. Sasa Mshai anauliza amekosa nini. Hujakosa kitu, mjukuu wangu. Shikeni kila mmoja hindi lake mpukuchue huku mnasikiliza, maana mimi siwasimulii watu waliokaa mikono mitupu.

Zamani, kwenye milima hii hii, watu walipanda mahindi wakarudi majumbani kulala. Hapakuwa na ua wala kombeo, na lile dungu mnalopanda kulindia mazao halikuwapo hata kwa jina. Nyani walikaa kule juu majabalini. Walifukua mizizi, walipindua mawe wakitafuta nge, walikula matunda ya porini yalipoiva. Mahindi waliyaona kila siku chini yao na hawakuyajali, kama ninyi msivyojali nyasi anazokula ng'ombe.

Desturi ya malimbuko, hiyo ilikuwapo tangu enzi hizo. Hindi la kwanza kukomaa lilichomwa likapelekwa kwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kijijini. Yeye akishaonja, ndipo wengine wote wanaruhusiwa kuvunja. Kabla ya hapo hata mtoto mwenye njaa hakugusa, na mama yake hakumruhusu. Shamba lililowahi kukomaa kila mwaka lilikuwa la Mkawasi, kwa kuwa lilikuwa kwenye mteremko unaopata jua la asubuhi.

Mkawasi alikuwa mwanamke mchapakazi, na moyo wake ulikuwa mwema kupita kiasi. Binti zake wote, kuanzia Mghoi mkubwa wao, walikuwa wameolewa ng'ambo ya mto, nyumbani amebaki yeye na mumewe Nyambu, mtu wa maneno machache. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anaongea na vyungu. Basi siku moja ya mvua, akiokota kuni chini ya majabali, akamkuta nyani jike ameanguka akafa, na kitoto chake kimeng'ang'ania kifuani. Akakifunga kwa mbeleko akaja nacho. Akakinywesha maziwa, akakiita Tunu. Hadi hapo sioni kosa. Hata mimi ningekichukua.

Kosa lilikuja polepole, tena likiwa limevaa nguo za upendo. Tunu aliota meno, lakini Mkawasi akaendelea kumtafunia. Alijua kumenya, lakini hindi akamenyewa, likatolewa hadi zile nywele zake, akapewa mkononi. Akiuma mara moja na kulitupa, alipewa jingine tamu zaidi. Kigoda cha Nyambu kikawa chake. Alikikalia kutwa nzima karibu na moto, mwaka baada ya mwaka, mpaka manyoya ya makalio yakamwisha na ngozi ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Ndiyo, chekeni. Nyambu yeye alikuwa akikalia jiwe.

Nyani wa majabalini hawakumsahau mwenzao. Asubuhi moja alikuja jike mzee, akasimama nyuma ya nyumba akamwita. Tunu akamfuata hadi kwenye mawe, akaonyeshwa jinsi ya kufukua mzizi. Mwiba ukamchoma kidoleni. Alipiga ukelele uliosikika kijiji kizima, na Mkawasi akaja mbio, akamfukuza yule jike kwa mawe, akambeba Tunu, mkubwa vile, miguu inaburuta chini.

"Mama Mghoi," Nyambu akasema jioni ile, "mwache ajifunze."

"Ajifunze nini, baba? Kula nge?"

"Kula bila wewe."

Mkawasi akaendelea kupuliza kidole cha Tunu.

Msimu huo limbuko lilipokomaa, Mkawasi alilichoma akaliweka kwenye ungo. Tunu akanyoosha mkono. Mkawasi alijua haifai, lakini alishindwa kumwambia hapana, maana neno lile alikuwa hajamwambia tangu amlete. "Onja kidogo tu," akasema. Tunu akaonja. Mkawasi akaufunika upande ulioumwa kwa maganda, akalipeleka.

Mkubwa wa kijiji alikuwa Bibi Wakesho, kikongwe mkali, asiyekuwa na jino hata moja. Alilipapasa lile hindi, kidole chake kikazama palipokuwa na pengo.

"Nani amekula kabla yangu?"

"Mtoto, bibi. Nisamehe."

"Mtoto gani? Mghoi ana mume na watoto wake."

Mkawasi akainamisha kichwa. Bibi Wakesho alilirudisha hindi kwenye ungo. "Basi la kwanza ni lake," akasema. "Mimi simnyang'anyi mtoto. Ila siku ukitaka ajue kwamba si lake, utamwambia wewe mwenyewe. Sisi hatatusikia."

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa haba. Mashamba ya bondeni yalikauka, na kijiji kizima kikabaki kinautazama mteremko wa Mkawasi. Walikubaliana kwamba yatakayopatikana pale yagawanywe kwa kila nyumba. Watu walikuwa wanakunywa uji mwepesi na kuhesabu mabua kwa macho. Mkawasi mwenyewe alikonda, lakini Tunu hakukonda, maana alipewa sehemu yake na ya mama yake.

Mahindi yalipoanza kukomaa, Tunu hakungoja kupelekewa. Kwa nini angoje? Aliingia shambani asubuhi, akavunja hindi, akauma mara moja, akalitupa, akavunja jingine, vile vile alivyozoea nyumbani. Nyani wa majabalini wakamwona anakula na hakuna anayemgusa. Walikuwa na njaa nao, ule ukame haukuwabagua. Wakashuka, kwanza mmoja, halafu wote. Watu walipogutuka, nusu ya shamba ilikuwa chini, mahindi yameumwa mara moja moja na kutupwa.

Wanaume walikuja na mikuki na marungu. Nyani wote wakakimbia, isipokuwa Tunu. Yeye hakujua kama kuna jambo la kukimbia. Mkawasi akajitupa kati yake na mikuki.

"Hatutaki kumuua mbele yako," wakamwambia. "Lakini akilala hapa leo, watoto wetu watakufa. Mfukuze wewe, au sisi tutamchoma."

Mkawasi alimgeukia. Na Tunu, wajukuu zangu, Tunu alimnyooshea hindi. Alitaka amenyewe.

Kila ninapofika hapa natamani nisiendelee, na nimeisimulia tangu mama zenu wakiwa wadogo. Mkawasi aliokota jiwe. La kwanza lilimpita, naye akalitazama lilipoangukia, kisha akamnyooshea hindi tena. La pili lilimpata begani. Hakulia. Alimtazama mikono, kwanza mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayetafuta kitu alichokizoea mahali pake. Jiwe la tatu lilipoinuliwa, akaondoka. Kila baada ya hatua chache alisimama na kugeuka nyuma, na Mkawasi, machozi yakimtiririka, alibaki ameinua mkono mpaka Tunu akatokomea.

Kule majabalini walimpokea. Lakini mzizi hakujua kuufukua, na alimwogopa nge. Kitu kimoja tu alikijua maishani mwake, nacho ni mahindi yanapokomaa na utamu wake. Badala ya wao kumfundisha, yeye akawafundisha wao. Alizaa, na watoto wake wakawa na makalio kama yake, wakajua alichokijua.

Nusu ya mahindi iliyobaki iligawanywa, na watu wakapona kwa shida. Dungu la kwanza alilijenga Mkawasi kwa mikono yake, bila kuambiwa na mtu. Alilikalia kila msimu mpaka uzee wake, jiwe mkononi.

Tangu mavuno yale nyani haamini kwamba anaiba. Anadai chake. Mwanamume akitokea, hukumbuka mikuki, akakimbia. Mwanamke akitokea, hakimbii. Husimama kwanza akamtazama mikono, anangoja kuona kama amekuja kummenyea. Na hata ukimfukuza, atageuka njiani akutazame.

Kwa hiyo kesho, Mshai, okota jiwe ungali mbali, alione. Kama utamwonea huruma, na utamwonea, mwonee. Lakini lirushe.